Maswali ya wasomaji: Bendi ya metali inapobadilisha kikosi

Swali: Ndugu wahariri, Black Sabbath wamepitia waimbaji wengi mno hata nashindwa kujua albamu ipi ni ya nani. Naomba mnipangie. Pia mniambie, ile ya miaka ya 1980 ilikuwa bendi ileile kweli?

Jibu: Mshike kwanza Tony Iommi, mpiga gitaa. Bendi ilitoa albamu 19 za studio, na yeye peke yake ndiye aliyemo katika zote. Wengine wote waliwahi kuondoka, baadhi yao zaidi ya mara moja.

Kikosi cha mwanzo kiliundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1968: Ozzy Osbourne akiimba, Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi na Bill Ward kwenye ngoma. Hao wanne walirekodi albamu nane kati ya 1970 na 1978. Ozzy akafukuzwa mwaka 1979, nafasi yake ikachukuliwa na Ronnie James Dio aliyetoka Rainbow.

Hapo ndipo muziki wenyewe ulipobadilika, na si suala la sauti tu. Enzi za Ozzy, mashairi mengi aliandika Butler, na mara nyingi mwimbaji alifuata noti zilezile za rifu, yaani kile kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa. Sikiliza "Iron Man": sauti na gitaa vinapanda na kushuka pamoja. Dio aliandika mashairi yake mwenyewe na hakutaka kulifuata gitaa hatua kwa hatua. Alipenda gitaa lishike kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, na kumwachia nafasi, naye atembeze melodi juu yake. Iommi akabadilisha namna ya kutunga ili amwachie nafasi hiyo. Ndiyo maana *Heaven and Hell* ya 1980 inasikika kama bendi iliyozaliwa upya, ilhali wanaopiga ala ni walewale.

Ward aliondoka katikati ya ziara ya mwaka huohuo, akaja Vinny Appice, na *Mob Rules* ikatoka 1981. Dio na Appice wakaondoka 1982. Ian Gillan wa Deep Purple akaimba albamu moja, *Born Again*, mwaka 1983. Glenn Hughes naye akaimba moja, *Seventh Star*, mwaka 1986.

Hii ya Hughes ndiyo inayojibu swali lako la pili. Iommi aliikusudia iwe albamu yake binafsi, lakini waliokuwa wakisimamia biashara walitaka jina kubwa liwe juu, ndipo jalada likaandikwa jina la bendi pamoja na jina lake. Kwa maoni yetu hiyo si albamu ya Black Sabbath, na ukiisikiliza kama kazi ya Iommi peke yake utaifurahia zaidi.

Kisha kuna Tony Martin, ambaye mashabiki wengi hawamtendei haki. Aliingia 1987 wakati sauti za *The Eternal Idol* zilikuwa tayari zimerekodiwa na Ray Gillen, akaziimba upya zote. Ameimba albamu tano, za 1987, 1989, 1990, 1994 na 1995. Katikati yake Dio alirudi kwa *Dehumanizer* ya 1992. Kwa miaka mingi albamu za Martin zilikuwa adimu madukani na kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni. Nne kati yake zilitolewa upya kwa pamoja mwaka 2024, kwa hiyo sasa huna sababu ya kuziruka. Anza na *Headless Cross*, ambamo ngoma zinapigwa na Cozy Powell.

Ozzy alirudi kurekodi *13* ya mwaka 2013, Brad Wilk akiwa kwenye ngoma badala ya Ward. Albamu hiyo ilishika namba moja Uingereza, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa bendi hiyo tangu 1970. Kikosi cha mwanzo, Ward akiwemo, kilipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho tarehe 5 Julai 2025 katika uwanja wa Villa Park, Birmingham. Ozzy alifariki siku 17 baadaye.

Je, ilikuwa bendi ileile? Ukiuliza nani alitunga rifu, jibu ni ndiyo, mwanzo hadi mwisho. Ukiuliza nani aliandika maneno na melodi, zilikuwa bendi nne au tano zilizotumia jina moja. Hata wenyewe walilitambua hilo: Iommi, Butler, Dio na Appice walipokutana tena mwaka 2006 walijiita Heaven & Hell, na jina la Black Sabbath wakaliacha.

Swali: Mwimbaji wetu wa zamani alikuwa na sauti ya juu sana. Tuliyempata ana sauti nzito. Mpiga gitaa anataka tushushe tyuni, mpiga besi anakataa, anasema nyuzi zitalegea. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wote wawili. Kabla hamjagusa ala, mpimeni mwimbaji.

Chukueni kila wimbo mtafute noti ya juu kabisa anayotakiwa kuishikilia, si ile anayoipita kwa ukelele mmoja. Mwacheni aimbe mazoezi ya kawaida kwa saa nzima, kisha arudie mstari wenye noti hiyo mara tatu mfululizo. Sauti ya asubuhi, koo likiwa halijachoka, itawadanganya. Akipungua noti mara ya tatu, au mkiona mishipa ya shingo imemtoka, wimbo huo uko juu kwake. Ushusheni nusu toni mjaribu tena, na mwandike namba kando ya kila wimbo.

Nyimbo nyingi zikidai nusu toni au toni nzima, shusheni onyesho zima. Zikibaki moja au mbili zinazodai zaidi, ziacheni au mbadilishe melodi ya kiitikio. Msibadilishe tyuni katikati ya onyesho kwa gitaa lilelile. Uzi uliotoka kulegezwa huchukua muda kutulia, na wimbo wa kwanza utapigwa nje ya tyuni.

Mtajiuliza kwa nini msihamishe vidole tu. Rifu nyingi za metali zimejengwa juu ya uzi mnene ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, huku kiganja kikiuziba karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, ili utoe ule mdundo mkavu. Uzi wazi ndio mwisho, chini yake hakuna freti, vile vyuma vya shingoni unapobonyezea noti, ya kuhamia. Mkihamishia rifu juu ya shingo mnaupoteza mdundo huo, na mara nyingi mkono wa kushoto unashindwa kufika. Kwa hiyo ni kushusha ala yenyewe.

Hofu ya mpiga besi ina msingi. Ukiushusha uzi uleule nusu toni, mkazo wake unapungua kwa takriban asilimia 11, toni nzima asilimia 21, toni moja na nusu asilimia 29. Uzi uliolegea hugonga freti, na ukipigwa kwa nguvu noti huanza juu kisha ikashuka. Dawa ni nyuzi nene zaidi. Mpiga gitaa anayetumia seti yenye unene wa inchi 0.010 hadi 0.046 anaweza kubaki nayo kwa nusu toni. Kwa toni nzima achukue 0.011 hadi 0.052, na kwa toni moja na nusu iwe 0.012 hadi 0.056 au karibu na hapo. Kwenye besi, uzi wa 0.105 unaoshushwa toni nzima unataka kubadilishwa kwa wa 0.115 au zaidi kidogo. Au mpiga besi wenu achukue besi ya nyuzi tano aache kulumbana: uzi wake wa chini, freti ya tatu, ndiyo D mnayoihitaji, yaani noti ya uzi wa E ulioshushwa toni nzima.

Nyuzi nene zina madai yake. Tundu za pale juu ya shingo nyuzi zinapopita zilichongwa kwa nyuzi nyembamba. Uzi mnene ukikwama humo utausikia ukitoa mlio mdogo wakati wa kutyuni, halafu noti inaruka ghafla. Zipanuliwe na fundi, kidogo kidogo, maana ukichonga kupita kiasi uzi wazi utaanza kuvuma na kipande hicho itabidi kibadilishwe. Kisha angalieni usahihi wa noti kwenye freti ya 12: noti iliyobonyezwa ilingane na ile inayopatikana kwa kuugusa uzi bila kuubonyeza hapohapo. Ikiwa juu, tandiko la uzi kwenye daraja lirudishwe nyuma. Ikiwa chini, lisogezwe mbele. Mwenye gitaa la daraja linaloelea atakuta limezama kwa nyuma akishusha tyuni bila kubadilisha nyuzi, kwa sababu springi za nyuma zinaushinda mkazo uliopungua. Mwisho, punguzeni kidogo distosheni, ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa la metali. Kiasi kilichofaa juu hugeuka uji mnakoshuka.

Kuna mfano mkubwa wa kutofanya haya. Bruce Dickinson alipoondoka Iron Maiden mwaka 1993, bendi ilimchukua Blaze Bayley, mwenye sauti ya chini na nzito. Nyimbo za zamani ziliendelea kupigwa katika tyuni ya kawaida, kwenye noti zilizotungwa kwa koo la Dickinson. Usiku baada ya usiku Bayley alilazimika kuzifukuzia, na maonyesho kadhaa yalifutwa kwa matatizo ya sauti yake. Hata hivyo sikiliza nyimbo zilizotungwa akiwa ndani, kwenye *The X Factor* ya 1995: sauti imekaa mahali pake, giza la albamu lote linamfaa. Kwa hiyo tungeni naye nyimbo mbili tatu mpya mapema, mwanzoni kabisa. Msikilizaji akimjua kwa nyimbo zake mwenyewe, hampimi tena kwa mwenzake.

Na nyuzi legevu si aibu. Iommi, tuliyemtaja juu, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa na ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 akawa anashusha gitaa toni moja na nusu ili vidole vipate nafuu. Uzito ule ambao bendi nyingi zimeuiga tangu wakati huo ulianzia kwenye jeraha hilo.

Swali: Nilitunga rifu za nyimbo nne kabla ya kufukuzwa kwenye bendi. Bado wanazipiga. Nina haki gani? Na je, naweza kuanzisha bendi kwa jina lilelile?

Jibu: Pole. Tenganisha mambo matatu: utunzi, rekodi na jina. Watu wengi huyachanganya na ndipo wanapopoteza yote.

Utunzi ni wako na haukuachi unapofukuzwa. Dave Mustaine alifukuzwa Metallica Aprili 1983, wiki chache kabla ya bendi kurekodi albamu ya kwanza, lakini jina lake limo kama mtunzi mwenza katika nyimbo nne za albamu hiyo na mbili za iliyofuata. Yeye akaenda kuunda Megadeth, na mirabaha ya utunzi ni jambo jingine kabisa.

Kusanya ushahidi sasa: rekodi za simu zenye tarehe, jumbe mlizotumiana, madaftari. Nenda kwenye chama cha kukusanya mirabaha cha nchi yako usajili nyimbo hizo kwa asilimia unayodai, jumla ya watunzi wote ikiwa 100. Kama mlishawahi kuandika mgawanyo, hiyo ndiyo hati yako. Kama hamkuandika, sheria za nchi hutofautiana, na afadhali kukubaliana kwa maandishi kuliko kungoja wimbo uwe maarufu. Wao kuzipiga jukwaani kwa kawaida hakuhitaji ruhusa yako ya kila onyesho. Kinachotakiwa ni malipo ya maonyesho kupita kwenye chama hicho na kukufikia.

Rekodi ni haki nyingine. Mwenye nayo mara nyingi ni aliyelipia studio au kampuni mliyosaini nayo. Kama ulipiga kwenye rekodi, soma mkataba uone unasemaje kuhusu mwanachama anayeondoka.

Jina ndilo gumu. Huko Uingereza, Graham Oliver na Steve Dawson waliondoka Saxon kwa nyakati tofauti, kisha mwaka 1999 wakalisajili jina hilo kama alama ya biashara yao. Mwimbaji Biff Byford, aliyekuwa akiendelea na bendi, akaenda mahakamani. Uamuzi wa 2003 ulisema jina la bendi ni mali ya ubia wote, si kipande cha kila mmoja anachoweza kuondoka nacho, na usajili wao ukabatilishwa. Kwa hiyo usijaribu njia hiyo, hasa kama wenzako hawajasimamisha kazi.

Huko Marekani, Queensrÿche walimfukuza mwimbaji Geoff Tate mwaka 2012. Kesi ikisubiri, mahakama iliruhusu pande zote mbili kulitumia jina, na mwaka 2013 zikatoka albamu mbili za Queensrÿche kutoka bendi mbili tofauti. Mnunuzi alilazimika kugeuza jalada aone nani anaimba. Walipatana Aprili 2014: jina likabaki kwa wanamuziki watatu wa zamani, na Tate akapewa haki ya pekee ya kupiga jukwaani albamu mbili za *Operation: Mindcrime* nzimanzima.

Mkiunda bendi mpya, andikeni ukurasa mmoja kabla ya onyesho la kwanza. Uonyeshe jina ni la nani mtu akitoka, anayetoka ajitangaze vipi na kwa herufi za ukubwa gani kwenye tangazo, atoe taarifa siku ngapi kabla, madeni ya vifaa yanagawanywaje, na nywila za akaunti za bendi ziko kwa nani. Hili la mwisho watu hulidharau, kumbe bendi nyingi ndogo hupoteza wasikilizaji wao wote kwa sababu aliyefukuzwa ndiye aliyefungua ukurasa. Mkisajili jina kama alama ya biashara, msisahau madaraja ya usajili, yaani makundi ya bidhaa na huduma: daraja la 9 la rekodi, la 25 la nguo na la 41 la burudani. Bendi iliyosajili la 41 peke yake inaweza kukuta mtu mwingine anauza fulana zake.

Swali: Kwa nini besi haisikiki kwenye *...And Justice for All* ya Metallica? Jason Newsted alikuwa hajui?

Jibu: Alijua sana. Cliff Burton alifariki kwenye ajali ya basi la bendi huko Sweden tarehe 27 Septemba 1986, na Newsted akaingia mwezi uliofuata. Kwenye albamu ya 1988 mara nyingi besi inafuata gitaa noti kwa noti, na magitaa yamechongwa kwa sauti nyingi za chini, kwa hiyo ala zote mbili zinagombea nafasi moja. Juu ya hapo, besi ilishushwa makusudi wakati wa kuchanganya sauti, na mmoja wa waliochanganya amesema hadharani kwamba maagizo yalitoka ndani ya bendi. Sisi tunaliona hilo kuwa kosa, na kosa lililomwonea mtu aliyekuwa bado mgeni.

Faida ya kulijua: mpiga besi wenu mpya asipewe kazi ya kunakili gitaa tu. Mwacheni atofautiane nalo walau kwenye beti.

Swali: Nimeombwa kumshikia mtu nafasi, nyimbo 15, siku sita. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana. Mwaka 2012 Nightwish waliachana na mwimbaji Anette Olzon katikati ya ziara ya Amerika Kaskazini. Floor Jansen akaruka kutoka Ulaya akapanda jukwaani siku chache tu baadaye, na mwaka uliofuata akatangazwa mwanachama kamili.

Usianze na nyimbo. Omba rekodi ya jukwaani ya karibuni kabisa, kwa sababu bendi za metali hupiga haraka kuliko albamu, hufupisha miisho na kuongeza vituo visivyo studioni. Omba pia faili la ala yako peke yake kama lipo. Siku ya kwanza andika ramani ya kila wimbo kwenye karatasi moja: sehemu, idadi ya mizunguko, mwendo kwa metronomu, nani anaanzisha. Makosa ya mbadala mara chache huwa kwenye noti. Huwa kwenye kuhesabu mizunguko na kwenye miisho.

Siku ya pili hadi ya nne, nyimbo tano kila siku, ukipiga ile ngumu kwanza. Siku ya tano zote kwa mpangilio wa onyesho bila kusimama, hata ukikosea. Ya sita, mazoezi na bendi, na muda mwingi utumike kwenye mianzo, miisho na mpito kati ya wimbo na wimbo. Kabla hujakubali, uliza tyuni, aina ya nyuzi, na kama bendi inatumia mdundo wa masikioni, yaani metronomu inayosikika kwenye spika za masikioni wakati wa onyesho. Mpiga ngoma ambaye hajauzoea mdundo huo hataumudu kwa siku sita, na ni heri aseme mapema.

Swali: Rafiki yangu anasema *Scum* ya Napalm Death imepigwa na bendi mbili. Ni kweli?

Jibu: Karibu. Pande mbili za sahani hiyo ya 1987 zilirekodiwa kwa nyakati tofauti na vikosi tofauti, na mpiga ngoma Mick Harris peke yake ndiye aliyemo pande zote mbili. Ndiyo sababu tunashauri usiitegemee picha ya jalada kujua nani kapiga. Soma orodha ya wahusika, wimbo kwa wimbo. *St. Anger* ya Metallica ya 2003 inamtaja Robert Trujillo kama mwanachama, lakini besi yote ya albamu alipiga prodyuza Bob Rock.